Zephaniah Mwadime na Kioo Kilichoshushwa Vidole Vinne

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bwana Zephaniah Mwadime anastaafu, baada ya kulitumikia shirika letu la mifugo hapa Voi kwa miaka thelathini na miwili. Karibu miaka yote hiyo ameipitisha juu ya pikipiki, akipeleka chanjo za ng'ombe na mbuzi Mraru, Bura na kwenye mashamba madogo ya Wusi.

Aliajiriwa kuwa tarishi. Mwaka uliofuata alikabidhiwa pikipiki, na tangu hapo hakuna aliyemwona ameketi ofisini zaidi ya nusu saa. Mama mmoja wa Mraru humwita daktari, ijapokuwa amemsahihisha kwa miaka ishirini.

Miaka mitatu iliyopita tulinunua pikipiki mpya zenye kioo cha mbele cha plastiki. Sote tulifurahi isipokuwa yeye. Katika uwanda ulio wazi upepo ulimtikisa kichwa, akawa anafika shingo imekakamaa na macho hayaoni sawasawa. Akidhani kioo ni kifupi, alikiongezea juu kipande cha dumu. Mtikisiko ukazidi. Daktari wa hospitali alimwonya kwamba hali isipobadilika, aache pikipiki. Nami, nikiwa msimamizi wake, niliandika barua ya kumhamishia stoo. Aliisoma, akaikunja, akaomba wiki mbili. Hakutaka kumalizia utumishi wake akipanga makopo ya dawa.

Yaliyofuata niliyatazama bila imani. Bi Katunge, mtunza stoo wetu, husuka kiondo wakati wa chakula cha mchana. Alimpa nyuzi nyepesi, wakazibandika kwenye ukingo wa juu wa kioo ili zionyeshe upepo unaelekea wapi. Kisha Bi Katunge, ambaye hakuwa amewahi kupanda pikipiki, alivaa helmeti, akasali Baba Yetu, akaketi nyuma yake. Waliporudi alishuka akicheka: "Mzee, nyuzi zote zinakuelekea usoni! Upepo unaruka ukingo wa kioo na kukupiga makofi kichwani."

Bwana Mwadime alikitupa kipande cha dumu, akachukua spana. Alikishusha kioo kidogo kidogo, akienda barabarani na kurudi, mara saba kwa siku mbili. Hatimaye kiliposhuka vidole vinne, upepo ulimpiga mabegani, ukakiacha kichwa. Chini ya kioo aliacha mwanya wa vidole viwili, ili hewa ipenye na kuutuliza upepo uliokuwa ukizunguka nyuma yake. Alifika Mraru shingo imelegea, akarudi akipiga mluzi.

Daktari alimpima tena, akamruhusu aendelee. Niliifuta barua yangu. Nilidhani mwili wake ndio uliochoka, kumbe hitilafu ilikuwa kwenye kioo nilichokiidhinisha mwenyewe. Leo pikipiki zetu zote tano zimerekebishwa hivyo, na vijana wa bodaboda mjini huja kupima vidole vyao kwenye kioo chake.

Wiki iliyopita alifikisha Wusi sanduku lake la mwisho la chanjo. Alilipeleka mwenyewe, juu ya pikipiki, kama alivyotaka.

Bwana Mwadime, tunakushukuru kwa utumishi wako, na tunamshukuru mkeo, Bi Tryphena, aliyekungoja jioni nyingi. Rudi Bura ukapumzike, na mbuzi wako sasa uwachanje kwa wakati. Mungu akujalie afya, amani na upepo wa kiasi.