Koo la Waithera

Kicheko cha Jumanne ile Muchiri anakionea haya hadi leo. Ilikuwa saa kumi, benchi limejaa mbele ya duka lake la spea pale Mamboleo, kahawa imeshamiminwa. Mkewe, Waithera, alikuwa ametolewa tonsili siku sita zilizopita na hakuwa akisema, anaashiria tu kwa mkono. Muchiri aliwaigizia wenzake jinsi mkewe anavyokunja uso akimeza mate, shingo imevutwa kama ya bata. Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Siku ya tatu alikuwa sawa, alisema Muchiri. Leo ya sita, ati inauma zaidi! Kidonda gani inarudi nyuma? Nikamwambia, Mama Nduta, hiyo ni drama. Dawa za maumivu nikafungia kwa kabati, asije akazizoea.

Mathews, waliyemwita Redio kwa kuwa mdomo wake hauzimwi, aliunga mkono.

— Ulifanya poa. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

— Huyo ni bibi yake, si mwana, alisema Joginder, fundi wa kuchomelea mageti. Walikata na nini?

— Kisu ya umeme. Daktari alisema damu inakuwa kidogo.

— Ndio hiyo! Mimi nikichoma geti, unaona nimemaliza, lakini chuma bado iko moto. Koo ya mama bado inaiva.

— Siku sita? Redio aliruka. Basi umeme ilibaki ndani! Kuna jamaa kule Bondo alitolewa tonsili, akawa anashika stesheni za Uganda na meno.

— Wacha uongo, omera, ndugu yangu! alisema Joginder.

— Haki tena! Redio aliapa, akaokota methali ya kwanza iliyomjia. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwanamke mmoja mwenye sare ya uuguzi, aliyekuja kununua balbu ya pikipiki, alikuwa amesimama hapo akisikiliza. Jina lilikuwa kifuani: Caren.

— Baba, alisema taratibu, siku ya tano, ya sita, ya saba ndiyo mbaya. Gamba ya kidonda inabanduka. Na hiyo kisu ya umeme, damu inapungua, lakini mara nyingi uchungu ya baadaye inazidi. Si drama. Asipokunywa maji, atarudi hospitali. Leo amekunywa nini?

Redio akainamia kikombe chake. Joginder akatazama barabara.

Muchiri hakujua. Alitoka nyumbani saa moja asubuhi bila hata kumwangalia, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwake.

Alifunga duka bila kuaga. Alimkuta Waithera kitandani, midomo imekauka, kitambaa cha mate mkononi. Hakuashiria chochote, alikuwa ameacha kuomba. Muchiri alifungua kabati, akampa dawa na maji baridi. Kila funda lilishuka na chozi. Alitaka kugeuza uso, akajizuia.

— Mama Nduta, alisema, leo nimechekesha watu na uchungu wako. Nimekuigiza pale kwa benchi. Nisamehe.

Waithera alimtazama. Hakutabasamu wala hakutikisa kichwa. Alimnyooshea tu glasi tupu, na Muchiri akaenda kuijaza.