Nondo Aliyekaribishwa Kahawa

Benchi letu limeegemea ukuta wa mashine ya kukoboa mpunga, kwa hiyo kahawa tunainywa na vumbi la pumba juu yake, wala hatulalamiki. Asubuhi ile Spoki, fundi baiskeli, alilaza suke la mpunga pamoja na bua lake kando ya vikombe. Lilikuwa jeupe pe, jepesi, halina punje hata moja. Pembe nzima ya shamba lake imekuwa hivyo, akasema, na kesho anaung'oa mpunga wote.

– Ni jua, alisema Pumba, mwenye mashine. Limeuchoma.

– Jua gani linachoma pembe moja?

– Jua lina upendeleo wake.

– Hizo ni mvi, alisema Kamusi, karani mstaafu. Kila siku unasimama tutani umekunja uso. Mpunga nao una moyo, umezeeka kwa mawazo.

– Mtoto umleavyo, Pumba akaitikia.

– Kwa hiyo nicheke?

– Uimbe kabisa.

Nondo mweupe akatua juu ya suke. Spoki akainua mkono amfukuze, Pumba akaudaka.

– Mwache. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Hao shambani wamejaa. Jioni wanaizunguka taa yangu.

– Basi umebarikiwa na hujijui.

Nikakisogeza kikombe changu mbali naye, asije akaungua.

Ndipo akafika bibi mmoja, kapu la mpunga kichwani.

– Shikamoo, bibi.

– Marahaba, wajukuu zangu. Mbona mmelizunguka suke kama mgonjwa?

Spoki akamweleza yote, hadi habari ya kung'oa.

– Mmepasua bua?

Tukatazamana. Bibi akatua kapu, akalipasua bua kwa ukucha. Ndani alijikunja kiwavi mwembamba, rangi ya maziwa, amelitafuna bua likabaki bomba.

– Mwizi wenu huyu. Na mama yake ndiye huyo mnayemnywesha kahawa.

Spoki alicheka hadi akashika ukuta. Kamusi akafuta machozi.

– Pembe hiyo ing'oe, uichome, bibi akasema. Kwingine kagua majani, uyatoe mayai yake. Kwingine kukoje?

– Kijani, bibi. Masuke ndiyo kwanza yanachomoza.

– Sasa huo mzima ulitaka kuung'oa kwa kosa gani?

Spoki akamtazama Pumba. Pumba akamtazama Kamusi. Kamusi akachungulia kikombe chake, kikavu tangu zamani. Kisha Pumba akainuka, akabeba kapu la bibi kwa mikono miwili, akaenda kuwasha mashine. Na mngurumo ulipoanza, sote tulishukuru kimoyomoyo.