Ndege ya Kuua Ndege

Kijiwe chetu kilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya madebe mawili, kwenye ukuta wa duka lililofungwa, pale Majengo, Mbeya. Asubuhi ukungu ukianza kupanda mlimani, Mzee Halfani alikuwa ameshawasha jiko na kahawa inanukia tangawizi. Wa kwanza kufika alikuwa Matano, tuliyemwita Redio, maana taarifa ya habari ikimpita anaumwa. Wa pili Jailos, Mnyakyusa wa Tukuyu, tarishi mstaafu, tukimwita Ripoti. Wa tatu mimi, fundi cherehani. Wateja walijua kunitafuta pale kabla ya kunitafuta dukani. Mwezi wa tano mwaka 1976 tulikuwa na habari moja tu: ndege ndogo ya njano iliyotua kiwanjani siku tisa nyuma, na tangu hapo haijaruka. Ilisemekana imekuja kuua ndege, wale kwelea kwelea wanaomaliza mpunga wa Usangu.

– Ile ni ya shirika la nzige, alisema Matano. Nchi zetu hizi jirani zimeungana, zikaweka shirika moja la kupigana na nzige na ndege waharibifu. Lakini ndege yenyewe wametoa watu wa nje. Si wanachama.

– Asiye mwanachama anatoaje? aliuliza Jailos. Mimi nimekaa ofisini miaka kumi na minane, bwana. Asiye mwanachama hapewi hata kiti.

– Hapewi kiti, analeta kiti. Ndiyo siasa ya dunia hiyo.

– Nchi gani sasa?

– Sijui. Mkiani ina bendera yenye msalaba, nimeiona kwa macho haya.

– Msalaba? Basi ni kanisa.

– Kanisa gani linaua ndege, Jailos? aliuliza Mzee Halfani, akimimina.

– Ukiona vyaelea, vimeundwa, alisema Matano.

– Hiyo ni ya baharini.

– Na hewani vinaelea vilevile. Sikilizeni niwaambie. Wale wanapima. Ndege akila mpunga wetu, anakunya. Kile kinyesi wanakichukua chupani, wanajua chini kuna madini gani. Mkishtukia, Usangu yote imechimbwa.

– Wacha fiksi wewe! alisema Jailos. Kwao baridi tupu, ndege hakuna. Wanataka mbegu. Watakamata majike na madume wakawazalishe huko.

– Wakawazalishe kwenye theluji?

– Wewe cheka. Lakini wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ya tisa. Ile ndege ingekuwa inalima.

Tulicheka sana. Mzee Halfani hakucheka. Alifuta vikombe kwanza, kama kawaida yake akiwa na neno.

– Mnakijua chama chetu cha kuzikana, alisema. Wanachama arobaini, Waislamu wa hapa. Mwaka juzi alifariki mtoto wa Mwanakhamisi wakati wa mvua, sanda hakuna mji mzima. Akaja Mkinga mmoja mwenye duka la vitambaa. Mkristo, si mwanachama, hatatuhitaji akifa. Akakata jora jeupe, akaondoka. Hakusema tuzike wapi wala saa ngapi.

– Na bendera hakuweka, nilisema.

– Hakuweka. Lakini, Fundi, mimi najiuliza. Angeweka je? Ile sanda ingekuwa imepungua urefu?

Matano alisogeza kikombe chake kijazwe tena. Ndipo tulipomwona mama mmoja amesimama pembeni, kanga imeshika vumbi la safari, midomo inacheza lakini sauti haitoki.

– Karibu mama, alisema Mzee Halfani. Nyamazeni nyie, mama anasema.

– Shikamooni wazee wangu, alinong'ona. Samahani. Sauti imekauka. Siku kumi na mbili napigia ndege kelele.

Alikunywa kahawa akakunja uso, akanywa tena. Aliitwa Roza, mke wa Kashindye, Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao miaka sita nyuma. Mumewe na watoto walikuwa shambani wakipiga madebe tangu alfajiri. Mpunga eka tatu, umebeba vizuri, na kila siku unapungua. Alidandia lori la Chimala kwa sababu kondakta alimwambia ndege ya kuua ndege iko Mbeya.

– Ni kweli, alisema Matano kwa fahari. Tunaijua yote. Imetolewa na nchi isiyo mwanachama.

– Asante. Sasa mimi najua kwelea kwelea wanakolala. Wanalala kwenye matete, wengi, mpaka matete yanalala nao. Nimwambie nani?

Siku tisa tulikuwa tumejadili nani katoa, kwa nini katoa, atataka nini kesho. Hilo la nani wa kumwambia hatukuwa nalo.

– Kwani hamjui? alinong'ona Roza.

Matano akasimama, akaweka kofia yake sawa.

– Twende tukaulize, mama. Fundi, na wewe inuka.

Tulianza na ofisi moja ya serikali mjini. Karani alikuwa mpole, alisema mama aandike barua, ipelekwe makao makuu ya shirika ng'ambo ya mpaka, jibu litarudi. Roza alimuuliza jibu litachukua siku ngapi. Alisema labda wiki tatu.

– Wiki tatu kutakuwa na mabua, alisema Roza. Hakulia. Alitoka nje akaanza kutembea upande ambao hata haukuwa wa kiwanja, ikabidi nimshike mkono.

Kiwanjani tulimkuta rubani amekaa kivulini chini ya bawa, Mzungu mwenye nywele nyekundu, na Eliezeri, Mbena wa Njombe, mwajiriwa wa shirika. Eliezeri ndiye anayetafuta mahali kwelea kwelea wanapolala, na ndege ya njano haipigi dawa mpaka yeye ataje mahali. Landrova yake ilikuwa imezama kwenye tope la mbuga, wanasubiri kuivuta. Siku tisa rubani alikuwa na dawa, mafuta na mabawa, hana pa kwenda.

Matano alimweleza rubani kwa Kiingereza chake cha redioni. Kabla ya yote akamuuliza lile letu: nyie nzige hamna, hawa ndege hamna, mnatafuta nini? Rubani alifikiri kidogo. Alisema babu yake, mwaka wa njaa, alikula mkate wa magome ya miti. Bibi mmoja mzee wa nyumbani kwao bado anajua unavyopikwa. Zaidi ya hapo, alisema, yeye ametumwa tu.

– Magome ya miti? Matano alinigeukia. Wazungu?

Eliezeri alitandaza ramani mbele ya Roza. Roza aliitazama kama mtu anayeonyeshwa nguo ya mtu mwingine. Kisha akachuchumaa, akachora kwa kidole mavumbini: mto hapa, unapinda, miti miwili ya mivumo, njia ya ng'ombe, matete. Eliezeri akachuchumaa naye, anauliza, anarudi kwenye ramani, anauliza tena. Mwisho alitia alama kwa penseli, akaenda kuita makao makuu kwenye simu ya upepo. Saa nane mchana walikubali.

– Tutapiga dawa kesho jioni, wakirudi kulala, alisema Eliezeri. Rudi, mama. Waambie watu wote watoke na ng'ombe huko. Na wale ndege wakifa, mtu asile. Hata mmoja.

Roza alilala kwa Mzee Halfani, kwa mkewe Siwema, alfajiri akapanda lori. Jioni yake tuliiona ndege ikipita juu ya Majengo kuelekea mashariki. Jailos alivua kofia; sijui kwa nini.

Roza alirudi mwezi wa nane, kipindi cha mavuno kimeisha. Eka moja na nusu ilikuwa imeshaliwa, alisema, lakini iliyobaki waliivuna. Jirani mmoja hakusikia onyo, aliokota ndege akala na wanawe. Waliumwa vibaya wiki nzima, wakapona. Roza aliwauguza, na hilo lilimkaa moyoni, maana yeye ndiye aliyekwenda kuita ile dawa.

– Ningenyamaza, tungekosa mpunga, alisema. Niliposema, watoto wa watu wakaumwa. Safari nyingine nitapita nyumba kwa nyumba mwenyewe.

Eliezeri alikuwa amewaomba wanakijiji wachague mtu wa kuangalia ndege na kuleta taarifa. Walimchagua yeye. Ndiyo maana akaingia kisomo cha watu wazima, na siku ile alikuwa njiani kumpelekea Eliezeri taarifa yake ya kwanza. Aliitoa kwenye kanga, karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa Matano aikague.

Ilisema: *Ndege hakuna. Maji yamepungua. Tunaangalia. Roza.*

Matano aliisoma mara mbili, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akamrudishia kwa mikono miwili.