Vipande vya Jicho la Papa Ruphin

Mtumbwi wa mota ulikuwa ukituvusha mto kwenda Lubunga, na wagonjwa wawili wa macho waliokutana humo tayari walishageuka madaktari. Mama Karima alitetea kisu kilichomtoa mtoto wa jicho. "Walitosha cataracte yangu nzima, ngumu sawa mbegu. Wakanipatia, nikazika nyuma ya nyumba, sawa vile tunazikaka kitovu ya mutoto."

Papa Ruphin alicheka. "Mimi ilikuwa laser, mama. Mwangaza ilivunja-vunja yote, mashine ikavuta. Naona mupaka ng'ambo."

"Bon, sawa. Na vipande?"

"Walimwanga kwa mutaro."

"Mutaro inashukaka kwa mto, papa. Kitu ya mwili yenye haikuzikwa ingali inaangalia."

Nilitarajia abishe, maana tangu bandarini hakuwa amekubali hata neno moja. Badala yake akafumba macho yote mawili. "Nikifunga hivi," akasema polepole, "naona maji ya rangi ya chai. Na juu, tumbo ya mutumbwi inapita."

Mota ikazimwa, tukagusa mchanga. Nilikuwa nyuma ya mgongo wake, wa kwanza kushuka; nikatia mguu majini.

"Imesimama," akasema, macho bado yamefungwa. "Mutu iko natia muguu kwa maji."

Nikaurudisha mguu mtumbwini.