Mama Roselida Nabwile na Vioo vya Kitale

Waombolezaji wapendwa, miezi michache kabla ya kutuacha, Mama Roselida Nabwile Wekoye aliwaita watoto wake akawaambia, "Mkisoma ati sikuwa na wivu, watu watacheka mpaka mahubiri yaharibike. Semeni tu." Familia inayasema basi, kwa heshima na kwa idhini yake.

Mama alizaliwa tarehe 3 Juni 1951 huko Cheptais, binti wa marehemu Mzee Pius na marehemu Mama Sabina. Alisoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1966, kisha akapelekwa kwa masista wa misheni kujifunza ushonaji. Waliosoma naye hukumbuka siku alipofumua pindo lake zuri kabisa akalishona upya, kwa sababu la mwenzake lilikuwa limesifiwa kwanza.

Kuanzia mwaka 1970 aliweka cherehani kwenye baraza la duka mjini Bungoma, akashona sare za shule na kanzu za kwaya. Wengi walioketi hapa leo walianza darasa la kwanza wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake.

Desemba 1971 aliolewa kimila na Mzee Wekoye, karani wa ghala la mahindi mjini Kitale. Mama alibaki nyumbani hapa Kanduyi, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mwaka 1986 Mzee alioa mke wa pili, Fridah, akamweka Kitale. Mama hakupiga kelele. Alinyamaza, na waliomfahamu walijua kunyamaza kwake kulivyokuwa kuzito. Kwa miaka mingi hakumwita Fridah kwa jina. Alikuwa "yule wa Kitale". Walikutana matangani na harusini, wakasalimiana vizuri, kila mmoja akaenda zake. Hakuna aliyekanyaga kwa mwenzake.

Mzee alipostaafu mwaka 2002 alimjengea Mama nyumba ya mawe, sebule yake ikiwa na madirisha mapana ya vioo yanayotazama magharibi. Mama aliringa nayo sana. Alihamishia cherehani hapo, apate mwanga. Lakini ikifika saa tisa jua lilimwingilia lote, sindano ikametameta hata asiione. Vitambaa vya viti vilipauka. Mwezi wa Januari sebule ilikuwa tanuri, na wageni walinywea chai nyuma ya jikoni.

Mapema mwaka 2004 alikwenda Kitale kununua vitambaa, akapitia barabara ya kwa Fridah. Akaona madirisha yote yamebandikwa karatasi ya tinti, vioo vinang'aa kama miwani ya jua. Jioni hiyo hakugusa ugali.

"Mzee," alisema, "Kitale kuna baridi. Yule anajikinga na jua gani?"

Mzee alijibu kwamba hajui lolote kuhusu vioo. Jibu hilo lilimchoma Mama kuliko kama angekiri. Kumbe mtu anafanyiwa mambo mazuri, na mwenye kuyafanya hata hayakumbuki!

Haukupita muda, Abdishakur, fundi wa tinti za magari mjini Kitale, akaletwa Kanduyi. Mama alichagua karatasi nyeusi kuliko zote.

"Mama, hii ni ya gari bana," fundi alimwambia. "Nyumba itakuwa giza, utashindwa kushona. Kuna hii nyepesi, inapunguza joto na bado unaona."

"Ya yule wa Kitale ni nyepesi?"

Fundi hakumjua yule wa Kitale.

"Basi weka nyeusi."

Joto lilipungua, hakuna aliyebisha. Lakini mwanga nao ulikwenda. Mama alishona shati la bluu kwa uzi mweusi, akarudishiwa. Aliwasha taa mchana. Mwanawe wa kwanza, Kizito, alipotaka kuibandua ile karatasi, Mama alimwambia, "Wacha. Macho yatazoea." Alijua amekosea, lakini kuibandua kulikuwa sawa na kushindwa na Fridah. Machi 2005, katika giza lile, sindano ya cherehani ilipenya kidole chake cha shahada ikavunjikia ndani.

Fridah alipopata habari alikuja kumjulia hali, mara yake ya kwanza, akiwa amebeba kuku. Aliingia sebuleni akajikwaa kwenye meza.

"Mama Kizito, mbona unakaa gizani?"

"Si ni kama kwako?"

"Kwangu?" Fridah alishangaa. "Kwangu kuna mwanga kabisa. Wewe umeona ya nje tu, hujawahi kuingia."

Fridah aliomba karai la maji ya vuguvugu, sabuni na wembe.

"Usiniguzie dirisha," Mama alisema, lakini hakuinuka kumzuia. Fridah alilowesha kioo, akainua ncha ya karatasi polepole. Ndipo Mama akauliza lile lililomkaa rohoni mwaka mzima. "Yako, Mzee alikuwekea lini?"

"Mzee? Niliweka mwenyewe, na pesa ya maziwa. Nilisikia umejengewa madirisha makubwa, na yangu ni yale madogo ya zamani. Nililia, Mama Kizito. Nikasema basi, angalau yang'ae mtu akipita."

"Ulinionea wivu? Mimi?"

"Sana. Mpaka leo."

Watoto wa Mama hawakumbuki siku aliyofurahi kuliko hiyo. Alishika karatasi kwa mkono wake mzima, akaivuta pamoja na Fridah. Fundi aliitwa tena akaweka ile nyepesi, jua la jioni likaingia kwa adabu. Kidole kilipopona, Mama alimshonea Fridah gauni la kitenge. Akajishonea na lake, la kitenge hicho hicho, akaliongezea lesi.

Mwaka 2008 ugonjwa wa sukari uliharibu figo zake. Alihamia kwa Fridah, karibu na matibabu, akalala katika chumba chenye vile vioo. Wivu haukuisha, ulihama tu. Jirani, Waruguru, alipokuja kumchukua Fridah waende mazoezi ya kwaya, Mama aliuliza kwa sauti, "Huyo Waruguru kwani hana nyumba?" Fridah aliacha kwaya kwa muda. Hospitalini, muuguzi alipokuwa akizungumza na Fridah pembeni, Mama alimwambia, "Ongea na mimi. Huyu ni wangu."

Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Novemba 2009, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa Fridah.

Mama ameacha mume wake, Mzee Wekoye, watoto wake Kizito, Lenah na Makokha, binti yake Jentrix, aliyezaliwa na Fridah, wajukuu wengi, na mke mwenzake, Fridah. Kwa agizo la marehemu, kiti kilicho kando ya Fridah leo hakikaliwi na mtu.

Mwenyezi Mungu ampokee, naye apate pumziko lenye amani.