Treni Iliyoondoka na Viti Vitupu

Benchi letu liko Onduparaka, nje kidogo ya mji wa Arua, mbele ya fundi wa bodaboda, na hapo ndipo Kaltumu anapouza kahawa yake ya tangawizi kila jioni. Kwa kawaida tunabishana mpira. Juzi mpira ulisahaulika, maana Kaltumu na mumewe Zubeiri walikuwa wamerudi kutoka Mombasa, walikokwenda kumwona binti yao Sadiya, aliyejifungua. Basi la kwenda Nairobi halikumshangaza mtu. Tulichotaka kusikia ni habari za treni ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, ambayo Sadiya aliwanunulia tiketi. Kaltumu amekulia mjini Pakwach, baba yake alikuwa mlinzi wa stesheni, na treni zikakoma kufika kule kabla hajapanda hata moja. Zubeiri alipomposa aliahidi kumpandisha. Ahadi hiyo tuliijua sote, na tumemtania nayo mpaka kichwa chake kikaota mvi.

Walikuwa na siku nzima Nairobi kabla ya treni, na Zubeiri alitusimulia yote huku vikombe vikipoa. Twiga alimlamba Kaltumu kiganja akitafuta chakula. Simba alikuwa amelala kwenye nyasi, na nyuma yake, karibu kabisa, yakasimama maghorofa. Wakapanda juu ya jengo refu hata magari ya chini yakawa kama siafu. Mwisho wakaingia makumbusho ya reli. Sisi tulikuwa tunameza mate tu.

Latifu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, ndiye aliyeuliza.

— Sasa treni yenyewe, mzee, ndani iko namna gani?

Zubeiri akatazama kikombe chake.

— Mimi sijui. Ilituacha.

Tulidhani anatania.

— Mimi nilisema, treni refu vile, itajaa saa ngapi? Tembea pole pole, haraka haraka haina baraka.

Hapo hakuna aliyemlaumu. Andama, jina lake la kijiweni Taniboi, yaani utingo, amezunguka na malori ya Juba maisha yake yote, akasema gari analolijua yeye huondoka likijaa, na honi ya dereva ni ya kutisha watoto. Latifu naye alipokuwa kijana alilipwa na wapiga debe wa hapa Arua ili akae ndani ya basi, wasafiri waone limekaribia kujaa. Likianza kutoka getini, yeye anashuka. Mtu wa Arua akiambiwa gari linaondoka sasa hivi, anaagiza chai kwanza.

— Kwa hiyo mulikuta imejaa mbio, Andama akasema.

— Haikujaa. Tulifika, geti imefungwa. Tukasimama kwa uzio, ikapita mbele yetu pole pole. Dirisha kubwa kubwa. Watu kidogo tu, viti mingi iko mitupu. Naona na macho yangu.

Latifu akamsogelea.

— Mitupu, na imeenda?

— Imeenda.

— Haba na haba hujaza kibaba, Andama akasema kwa huzuni. Sasa hii kibaba haijajaa, inaondoka namna gani?

Latifu akatoa elimu yake. Wale wachache walioonekana dirishani walikuwa watu wa kulipwa kama yeye zamani, na abiria wa kweli walipita njia nyingine. Andama akakataa. Kwake yeye viti vile vilikuwa na wenyewe.

— Watu ilikufa mingi kujenga reli ya zamani. Sasa wanapewa nafasi yao. Mwenda pole hajikwai, na mutu amekufa hana haraka, anakaa tu kwa kiti, wewe huoni.

— Basi hata dereva si mutu, Latifu akasema, sasa kwa sauti ya chini. Dereva mutu hawezi acha kiti tupu. Iko saa ndiyo inaendesha.

Nacheka sasa, lakini jioni ile sikucheka. Kitu kikubwa vile, kinachokwenda kwa kuwa wakati umefika, bila kutazama nyuma nani amebaki, kilinitisha kuliko simba wa Zubeiri.

— Kosa iko yangu, Zubeiri akasema. Huyu mama alingoja treni tangu iko mutoto. Tulienda na basi ya usiku, hata kurudi ni basi, hakusema neno.

Kaltumu aliendelea kumimina kahawa.

Mwishoni mwa benchi alikaa mgeni, Jovia, mwalimu kutoka Koboko, akingoja fundi azibe gurudumu la boda aliyokuja nayo. Alikuwa amesikiliza yote.

— Samahani, mama. Tiketi iliandikwa saa?

— Iliandikwa.

— Na wewe unasoma?

Kaltumu ndiye anayetusomea ujumbe wa simu sisi sote. Hakuna aliyekuwa amekumbuka hilo.

— Sasa kwa nini hukumwambia mzee?

Andama akakohoa. Latifu akatazama barabara. Zubeiri akamgeukia mkewe, na usoni ilionekana wazi kwamba yeye pia hajawahi kumuuliza.

Kaltumu akaweka birika chini.

— Pale kwa makumbusho tulikaa ndani ya behewa ya zamani, sawa na ile ilikuwa inakuja Pakwach wakati ya baba. Huyu akashika mukono yangu. Mbele ya watu. Tangu anioe, hajashika mbele ya watu. Mimi naona saa kwa ukuta. Nikasema kwa roho yangu, treni iende.

Alitikisa birika, lilikuwa tupu. Siku nyingine kahawa ikiisha tunanung'unika na kudaiana zamu ya kesho. Juzi tulikaa tu, watu wazima, tumepigwa na butwaa. Zubeiri aliinuka, akachukua birika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshika mkewe mkono mbele ya Onduparaka yote, wakaondoka hivyo kuelekea nyumbani. Redio mwenyewe alikuwa kimya.