Mbwa wa Tobia Shechambo Hayupo Msibani

Mbona mbwa hayupo? Ninyi mliotoka Lushoto na jeneza, mkalisukuma basi mara mbili kwenye utelezi kabla ya kufika hapa Mtae, mmemwona? Basi shikeni swali hilo, maana historia ya marehemu Tobia Shechambo haisomeki bila mbwa wake, na wanaojua alipo wameketi humu humu chini ya turubai, wamevaa suti.

Baba Mchungaji, wazee wetu, shikamooni. Familia imenituma mimi Beatha, binti wa kaka yake marehemu, nisome, na nitasoma yote.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Agosti 1964 hapa Mtae, mtoto wa nne wa mzee Heri Shechambo na mama Secilia, akabatizwa Krismasi ya mwaka huo huo, akalelewa na mama ambaye hakuwahi kumpa mtoto dawa ya mitishamba kabla hajaionja yeye mwenyewe mbele yake, akakunja uso, akasema, "Nimekunywa, sijafa, kunywa na wewe," desturi ambayo marehemu aliibeba maisha yake yote, na naomba muikumbuke, kwa sababu itarudi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, hesabu akaziweza, Kiingereza kikamshinda, wala hakuona aibu, alisema, "Kiingereza mtakisoma ninyi wenye ada," nasi tumekisoma, vyeti vimelala sandukuni vinaliwa na nondo, lakini leo si msiba wangu.

Mwaka 1984 alikwenda kuchuma chai upande wa Mponde, tarehe 6 Oktoba 1990 akafunga ndoa na mama Yusta wa Kifungilo, Mkatoliki, jambo lililozua maneno kwa Walutheri wa ukoo huu hadi Yusta alipowapikia, wakanyamaza, na Mungu akawajalia watoto wawili, Emanueli mwaka 1992 na Timotheo mwaka 1996. Tarehe 3 Februari 2010 akaajiriwa ulinzi katika shamba moja la mbogamboga nje kidogo ya mji wa Lushoto, na huko alidumu hadi mwisho.

Aprili mwaka jana shamba likamkabidhi mbwa dume wa miezi mitano, mbwa asiye na breki kabisa, aliyetafuna mipira ya kumwagilia, akaruka matuta ya kabichi kama yuko kwenye mashindano, akawakimbiza mbuzi wa mama Mwanaisha mpaka sokoni, na majirani walipomcheka mzee wa watu kushindana mbio na mbwa, akampa mbwa jina la Hayawahusu, akawa anamwita kwa sauti ya kutosha, "Hayawahusu, soo!", yaani njoo kwa Kishambaa, ujumbe ukawafikia mbwa na majirani kwa safari moja.

Alimfundisha kwa ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, ambavyo mama Yusta alivikuta mfukoni mwa koti kila siku ya kufua, akalalamika, "Baba Emanueli, koti hili linanuka kuliko huyo mbwa." Kwanza alimpandisha mlima na kumshusha hadi ulimi utoke, kwa sababu mbwa mwenye nguvu nyingi hasikii mpaka miguu itulie, kisha akamfunga kamba ndefu ya mkonge, akamwita mara moja tu, na akija, kipande mdomoni papo hapo, asipokuja, hakuna kofi wala kelele, ni kusubiri, na kufikia Pasaka ya mwaka huu mbwa yule alikuwa anakaa, anabaki, na anakuja, hata mbuzi wakipita.

Lakini tarehe 12 Mei 2025 ikaja memo ya uongozi wa shamba, kwamba mbwa wote wafundishwe kwa kola ya umeme, ile ya rimoti, unabonyeza huku, mbwa anatetemeka kule, na kwamba Hayawahusu, kwa rekodi yake ya utukutu, atapimwa kwa kola hiyo tarehe 5 Juni, akishindwa atapigwa risasi. Tangu siku hiyo marehemu hakutulia tena, presha aliyokuwa akiitibu tangu 2022 ikapanda, chakula akawa anakigusa tu, na kila asubuhi alimuuliza mama Yusta, "Leo tarehe ngapi?", hali ameshaangalia kalenda.

Maelekezo ya kola yalikuwa ya Kiingereza, akayapiga picha akanitumia, nikamwandikia kwa Kiswahili kwamba mbwa ajue kwanza amri kwa zawadi, kola ianzie namba ya chini kabisa, mguso wa mara moja, na asibonyezewe kamwe mbwa aliyekwisha kuogopa. Akayanakili kwenye karatasi ya daftari, akampelekea meneja wa ulinzi, Bwana Kristian, naye akajibu, "Mzee, mimi nimesoma," akaitia karatasi mfukoni.

Ndipo desturi ya mama Secilia iliporudi. Marehemu hakuweza kumfunga mbwa kitu ambacho hajakionja, akajifunga kola ile mkononi, akabonyeza moja, akabonyeza mbili, ya tatu kikombe cha chai kikaanguka naye akapiga kelele, na kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba alifanya hivyo mbele ya mbwa. Hayawahusu aliiona rimoti, akamwona mzee wake anaumia, akajumlisha, akaanza kuungurumia kile kidude cheusi hata kikiwa mezani, na marehemu alipoliona hilo alimwambia mama Yusta, "Nimeharibu, Mama Emanueli, nimemfundisha vibaya kwa mkono wangu mwenyewe."

Tarehe 5 Juni, mbele ya walinzi wote, mbwa alikaa, alibaki, alikuja, mara tatu kati ya tatu, kwa ukoko tu. He passed, jamani! Marehemu akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Bwana Kristian akasema, "Sasa tuone na mashine," akainua rimoti ya kola iliyokuwa shingoni mwa mbwa, mbwa akaurukia mkono ulioishika, akachana pindo la mkono wa shati, ngozi haikuguswa, na Bwana Kristian akabonyeza namba ya juu kabisa, akashikilia. Mbwa alilia, akateremka korongoni ndani ya ukungu, na marehemu, miaka sitini, presha juu, akateremka nyuma yake akiita "Soo! Soo!", mpaka sauti ikakatika.

Waliomtafuta hawakuona kitu kwa ukungu, walifuata mbwa anayebweka, wakamkuta amesimama juu ya mzee, kola ikiwa bado shingoni. Marehemu alilazwa kwa kiharusi, upande mmoja ukiwa umelala, neno pekee aliloweza kulitamka ni jina la mbwa, na Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni 2025, saa nne asubuhi, akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku tatu, majirani, mama Mwanaisha akiwa wa kwanza aliyeleta maziwa ya mbuzi wale wale, na walinzi wenzake walioingia korongoni bila kuambiwa. Baba mdogo, umeonja kwa niaba ya wengine vya kutosha, pumzika sasa, mbio hizi tumezipokea.

Bwana Kristian, uko mstari wa pili, usiangalie simu, au tuseme iangalie, maana barua yenu inasema Hayawahusu, mliyemfungia bandani kule shambani, atapigwa risasi keshokutwa, Jumamosi tarehe 14, kwa kumshambulia meneja. Tunadai haya kabla jeneza halijashuka: simama, mtandao hapa ukingoni mwa mlima upo, mpigie mlinzi wa zamu, mwambie afungue banda, amvue mbwa ile kola, na kesho amkabidhi kwa Emanueli. Na weka spika, tusikie wote.